Kwa Nini Ukurasa Haukufunguka? Somo Juu ya Kipimo cha Pakiti

Muhula uliopita kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Sita hapa shuleni petu alirudi kutuona, mkononi amechukua bahasha ya vyeti vyake. Alitaka kujaza maombi ya mkopo wa masomo ya chuo kikuu, na siku za kupokea maombi hayo zilikuwa zimebaki nne tu. Kwao hakuna kompyuta, na nauli ya kwenda mjini na kurudi si ndogo. Nilimkaribisha katika chumba chetu cha kompyuta, akaandika anwani ya tovuti aliyopewa, akangoja. Kiduara kidogo kilizunguka juu ya kioo kwa dakika nyingi, na ukurasa ukabaki mweupe kama ulivyokuwa.

Siku ya kwanza nilimwambia kwamba watu ni wengi, arudi kesho. Siku ya pili nilimwambia kwamba huenda amekosea kuandika anwani. Siku ya tatu, na jambo hili nalisema kwa haya, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba laiti angalisikiliza darasani asingalitaabika hivi. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Mwalimu, naomba uangalie. Tovuti nyingine hapa hapa zinafunguka. Hii haifunguki. Lakini jana nilipoazima simu ya mjomba, hii hii ilifunguka."

Maneno hayo yalinifanya nikae kitako. Kama tovuti ingekuwa imelala, isingefunguka kwa simu. Kama kompyuta yetu ingekuwa mbovu, tovuti nyingine zisingefunguka. Kwa hiyo basi, kosa halikuwa huku wala kule, bali lilikuwa njiani. Nataka kuwaeleza kosa hilo lilikuwa nini, jinsi tulivyolipima, na jinsi tulivyoliondoa, maana laweza kumpata mtu yeyote, na wengi hupoteza fedha kwa kununua mashine mpya bila ya sababu.

PAKITI NI NINI?

Ukurasa wa tovuti hausafiri mzima mzima. Kompyuta inayoutoa, ambayo huitwa seva, huukata vipande vidogo vidogo, na kila kipande huitwa pakiti. Kila pakiti huandikwa juu yake itokako na iendako, nasi huku huziunganisha tena kwa utaratibu. Njiani pakiti hupita katika mashine nyingi ziitwazo ruta, na kila ruta huisukuma mbele kuelekea iendako, kama vile mizigo ipitavyo kituo baada ya kituo.

Ukubwa wa pakiti hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya kawaida ya maandishi, kwa mfano a au b, huchukua baiti moja. Sasa kila njia ina kipimo chake cha juu, yaani pakiti kubwa kuliko zote inayoweza kupita kwa mara moja. Katika mipangilio ya ruta kipimo hiki huandikwa kwa herufi tatu, MTU.

Waya za kawaida za kuunganisha kompyuta katika chumba kimoja hufuata utaratibu uitwao Ethernet. Utaratibu huu ulibuniwa katika mwaka wa 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Katika mwaka wa 1980 makampuni matatu, Digital, Intel na Xerox, yalitoa kanuni zake kwa watu wote, na humo kipimo cha juu kikawekwa kuwa baiti 1500. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo katika mitandao mingi ya maofisi, shule na nyumba.

HESABU YA BAITI 1500

Si baiti zote 1500 zinazobeba habari tunayoitaka. Katika utaratibu wa kawaida, baiti 20 hutumiwa kuandika anwani na mambo ya safari, ambayo ni kazi ya IP. Baiti nyingine 20 hutumiwa kuzipanga pakiti na kuhakikisha kwamba zimefika, ambayo ni kazi ya TCP. Kwa hiyo:

1500 − 20 − 20 = 1460

Baiti 1460 ndizo shehena yenyewe. Kompyuta mbili zinapoanza kuzungumza, kila moja humwambia mwenziwe shehena kubwa inayoweza kuipokea. Namba hiyo huitwa MSS. Kompyuta yetu, ikiwa imeunganishwa kwa Ethernet, husema 1460, na seva hutengeneza pakiti kwa kadiri hiyo.

Hapa ndipo penye mtego. Kompyuta yetu yajua njia iliyo mbele ya mlango wake tu. Haijui kwamba huko nje, kati ya shule na kampuni inayotuuzia intaneti, pana mahali pembamba zaidi. Kampuni nyingi huwatambua wateja wao kwa jina na neno la siri kwa kutumia utaratibu uitwao PPPoE, ambao maelezo yake yalitolewa katika mwaka wa 1999. Utaratibu huo huongeza baiti 8 juu ya kila pakiti. Basi katika njia ya baiti 1500 hubaki 1492 tu.

Baiti nane ni kitu gani? Ni sawa na herufi nane, ndogo kuliko neno "mwanafunzi". Lakini lori likizidi kimo cha daraja kwa kidole kimoja, halipiti, hata kama sehemu nyingine zote za barabara ni pana.

MJUMBE ALIYEZUIWA

Huenda msomaji atauliza: kwa nini ruta isiikate pakiti iliyo kubwa ikawa vipande viwili? Kwa hakika kanuni za IP zilizotolewa mwezi wa Septemba 1981 ziliruhusu jambo hilo. Lakini kukata kuna hasara. Ruta huchoka kwa kazi ya ziada, na kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima huwa haina kazi. Kwa sababu hiyo, siku hizi pakiti nyingi hutiwa alama isemayo, "Usikate."

Ruta inapopokea pakiti kubwa mno yenye alama hiyo, haina budi kuitupa. Lakini haiitupi kimya kimya. Yapasa impelekee mwenye pakiti taarifa, ikisema: "Mzigo wako ni mkubwa, mwisho hapa ni baiti 1492." Taarifa hii ni mojawapo ya taarifa za ICMP. Seva ikiipata, hupunguza pakiti zake na kazi huendelea, wala mtu hajui kwamba palikuwa na taabu. Njia hii ya kutafuta kipimo cha njia nzima iliandikwa na Jeffrey Mogul na Steve Deering katika mwezi wa Novemba 1990, nayo ni njia nzuri sana alimradi mjumbe afike.

Sasa fikirini tajiri aliyeweka bawabu mlangoni, akamwambia, "Usipokee barua yoyote kutoka kwa watu nisiowajua." Lori lake lazuiwa darajani. Mlinzi wa daraja aandika barua: "Punguza mzigo." Bawabu airarua. Tajiri aona kimya, adhani lori limepotea, apeleka lori jingine lenye mzigo ule ule. Nalo lazuiwa. Apeleka la tatu. Mwenye kungojea mzigo naye akaa mlangoni kwake, asijue kama tajiri amemsahau au la.

Hivyo ndivyo ilivyo. Wasimamizi wengine wa seva, kwa kuogopa wahalifu wa mtandao, huamuru programu ya ulinzi ikatae taarifa zote za ICMP, njema na mbaya pamoja. Seva haipati habari ya njia nyembamba, hurudia kupeleka pakiti za baiti 1500, na zote hutupwa mahali pale pale. Wataalamu hulifananisha jambo hili na shimo jeusi: kitu huingia, na hakuna habari inayotoka.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu una dalili zake, na anayezijua hatadanganyika.

Kwanza, baadhi ya tovuti hufunguka vizuri, na nyingine hazifunguki kabisa, siku zote zile zile. Zinazofunguka ni zile ambazo seva zake hupokea taarifa, au hutumia pakiti ndogo.

Pili, mwanzo huwa mwema. Pakiti za kusalimiana baina ya kompyuta mbili ni ndogo, nazo hupita. Ombi letu la kutaka ukurasa nalo aghalabu ni dogo, hupita pia. Taabu huanza seva inapojibu kwa shehena kubwa. Katika tovuti zenye ulinzi, zile ambazo anwani zake huanza na https, seva hupeleka kwanza hati ya kuthibitisha kwamba ni yenyewe, na hati hiyo kwa kawaida ni ya baiti elfu kadhaa. Hukwama hapo hapo, na ndiyo maana ukurasa hubaki mweupe bila hata kichwa chake.

Tatu, hakuna neno la kosa linaloonekana upesi. Kungoja tu, mpaka kompyuta yenyewe ikate tamaa.

Nne, tovuti ile ile hufunguka kwa njia nyingine, kama vile simu yenye mtandao wa kampuni nyingine. Hii ndiyo dalili aliyoiona kijana wetu, nami kwa siku tatu sikuiuliza.

JINSI YA KUPIMA

Tusikisie; tupime. Kompyuta zina amri iitwayo ping, ambayo hupeleka pakiti ndogo na kungoja jibu. Twaweza kuiambia ukubwa tunaoutaka, na kuitia alama ya kutokata. Katika kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

ping -f -l 1472

kisha acha nafasi na uandike anwani ya tovuti. Katika Linux amri ni ping -M do -s 1472, na anwani vivyo hivyo.

Kwa nini 1472, na si 1500? Kwa sababu ping huongeza baiti 8 zake, na IP huongeza 20. Jumla: 1472 + 8 + 20 = 1500. Namba hii 28 ikumbukwe, maana itahitajiwa mwishoni.

Kabla ya yote, jaribu ping ya kawaida isiyo na namba. Tovuti nyingine hazijibu ping yoyote, ndogo wala kubwa, na kimya chake hakitufundishi kitu. Ikiwa hivyo, chagua anwani nyingine iliyo nje ya shule ambayo hujibu. Utakapopata anwani inayojibu pakiti ndogo, jaribu ile kubwa. Majibu ni ya namna tatu. Jibu likirudi, njia yaipitisha pakiti ya 1500 na huna taabu hii kwa upande huo. Kompyuta ikiandika kwamba pakiti yahitaji kukatwa, njia ni nyembamba lakini mjumbe wa upande wako yu hai. Ikiandika kwamba muda umekwisha bila ya jibu, wakati pakiti ndogo zajibiwa, shuku kwamba pakiti zatupwa kimya.

Hatua ya mwisho ni kutafuta namba kamili. Msianze kuongeza baiti moja moja. Hesabu ya kugawanya kwa mbili itawaokoa. Sisi tulifanya hivi:

1472, haikupita.
1400, ilipita.
1436, ambayo ni katikati, ilipita.
1454, ilipita.
1463, ilipita.
1468, haikupita.
1465, haikupita.
1464, ilipita.

Majaribio manane tu. Tungalianza 1400 na kupanda moja moja, tungalijaribu zaidi ya mara sitini. Basi pakiti kubwa iliyopita ilikuwa 1464. Ongeza 28, utapata 1492. Kijana yule aliitazama namba hiyo akasema, "Mwalimu, zimepungua nane." Nane zile zile za PPPoE. Tulikuwa tumebadilisha ruta ya shule mwanzoni mwa muhula baada ya ile ya zamani kuungua, na hakuna aliyeipanga ile mpya ipasavyo. Mmojawapo wa hao wasioipanga ni mimi.

DAWA

Dawa ni tatu, na yafaa kujua ipi ni ya nani.

Ya kwanza ni ya mwenye ruta. Katika mipangilio ya ruta, upande unaotazama nje, kipimo cha MTU kiwekwe 1492. Kisha ruta iambiwe irekebishe MSS katika maneno ya kusalimiana yanayopita ndani yake. Kompyuta itakaposema, "Nipelekee shehena ya 1460," ruta itabadilisha namba hiyo kuwa 1452, kwa maana 1492 − 20 − 20 = 1452. Seva haitakuwa na haja ya mjumbe tena, kwa kuwa itapeleka mzigo mdogo tangu mwanzo. Ruta nyingi zina mpangilio huu tayari. Kazi ni kuuwasha.

Ya pili ni ya mtu asiyeruhusiwa kuigusa ruta. Aweza kupunguza MTU ya kompyuta yake mwenyewe iwe 1492, nayo itaomba shehena ndogo. Dawa hii huponya kompyuta moja tu, zilizobaki hubaki wagonjwa.

Ya tatu ni ya wenye seva na wasimamizi wa mitandao, nayo ndiyo inayoondoa ugonjwa wenyewe: wasizuie taarifa zote za ICMP. Waruhusu ile inayosema kwamba pakiti ni kubwa. Jambo hili lina uzito zaidi katika utaratibu mpya wa anwani, IPv6, kwa kuwa humo ruta za njiani haziruhusiwi kukata pakiti hata kidogo. Kila njia ya IPv6 yapaswa kupitisha angalau baiti 1280, na zaidi ya hapo mjumbe ndiye wa kutegemewa. Katika mwaka wa 2007 Matt Mathis na John Heffner walitoa njia nyingine, ambayo kompyuta hujipimia yenyewe kwa kujaribu pakiti za ukubwa mbalimbali bila ya kumtegemea mjumbe, lakini si kila seva huitumia.

Wazazi wanaofanya kazi nyumbani kwa kujiunga na mtandao wa ofisi kwa njia ya siri, yaani VPN, nao wakumbuke somo hili. Kila kifuniko kinachoongezwa juu ya pakiti hula baiti zake. Katika WireGuard, kwa mfano, MTU ya kawaida ni 1420. Tovuti ikifunguka VPN ikiwa imezimwa, na ikakwama ikiwashwa, pimeni kwanza kabla hamjamlaumu mtu.

Je, kupunguza pakiti kunatupunguzia kasi? Kidogo mno. Nane katika 1460 ni kama nusu ya moja kwa mia. Hakuna mtu atakayeiona hasara hiyo, lakini kila mtu huona ukurasa usiofunguka.

MWISHO WA HABARI

Tuliirekebisha ruta siku ya nne mchana. Ukurasa ukafunguka palepale. Kijana akakaa kujaza fomu yake, akapakia vyeti vyake kimoja kimoja, na yapata saa kumi na moja jioni akabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kabla hajaondoka nilimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale niliomsemea mbele yao. Akacheka, akasema, "Si kitu, Mwalimu. Hata wewe ulikuwa hujaletewa taarifa."

Alisema kweli. Seva haikuletewa taarifa ya daraja jembamba, ikaendelea kukosea. Nami nilikuwa bawabu wa nafsi yangu: kijana aliniletea habari mapema, nami sikuipokea. Wanafunzi wapenzi, kompyuta ikinyamaza msiseme upesi kwamba mtu fulani amekosea. Ulizeni: kitu gani kinapita, kitu gani hakipiti, na tofauti yao ni ipi? Kisha pimeni.

MASWALI

1. Katika nyumba moja, pakiti kubwa ya ping inayopita ni ya 1372. MTU ya njia hiyo ni ngapi? Na MSS ifaayo ni ngapi?

2. Utaratibu uitwao GRE huongeza baiti 24 juu ya kila pakiti. Ikiwa njia ya chini ni ya 1500, pakiti kubwa itakayopita bila ya kukatwa ni ya baiti ngapi?

3. Picha ina baiti 146,000. Itahitaji pakiti ngapi ikiwa shehena ni 1460? Na ngapi ikiwa shehena ni 1452? Una maoni gani juu ya tofauti hiyo?

4. Rafiki yako asema, "Salamu zangu kwa seva zilijibiwa, kwa hiyo njia ni nzima." Mweleze kwa maneno yako mwenyewe kwa nini ushahidi huo hautoshi.

Majibu yaletwe chumba cha kompyuta kabla ya mwisho wa muhula. Atakayejibu swali la nne vizuri, maelezo yake tutaomba yachapishwe katika toleo lijalo.